Duara la Swali la Thelathini na Moja

"Kwani vumbi linajua kusoma?"

Jirani yake, fundi cherehani, ndiye aliyeuliza hivyo wiki tatu nyuma, alipomkuta Mama Ndoo barazani ameinamia karatasi, miwani ya kuazima puani na penseli sikioni. Mama Ndoo alimweleza kwamba hospitali imebandika tangazo: wafanya usafi wote watafanya mtihani wa maswali arobaini, na atakayepata chini ya ishirini na nane mkataba wake hautaongezwa. Fundi alitema kipande cha uzi.

"Miaka kumi na tisa umefagia kwa fagio. Leo wanataka ufagie kwa penseli."

Swali lile la vumbi lilimkaa kichwani, na asubuhi ya mtihani alikuwa nalo tena, akipiga deki wodi ya wazazi. Alianza saa kumi na moja alfajiri kama kawaida. Mtihani ulikuwa saa tatu, lakini hakuna aliyesema wodi isisafishwe. Alikamua tambara, akasukuma ndoo kwa mguu, akapita chini ya vitanda kimoja kimoja. Kwenye kitanda cha nne mzazi mmoja alimwambia, "Mama, nakuombea." Akajibu, "Niombee macho. Akili ninayo."

Alikuwa na darasa la saba, basi. Enzi zake mwalimu aliuliza nawe ukaandika. Haya mambo ya A, B, C, D na kupaka duara alifundishwa na binti yake, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza shule. Baba yake alikufa binti akiwa mgongoni. Mshahara wa ndoo ndio uliomvisha sare mpaka leo, na bila mkataba sare ile ingeishia mwaka huu.

"Usisome majibu kwanza," binti alimwambia, wamekaa ukingoni mwa kitanda. "Yazibe kwa kiganja. Soma swali, lijibu kichwani, halafu funua ulitafute jibu lako kama unavyomtafuta mtoto wako kwenye foleni."

"Na nisipomwona?"

"Fukuza waongo. Wanne wamesimama mlangoni, kila mmoja anadai ni mwanao. Wawili utawajua kwa sura tu. Wakibaki wawili, hapo hata ukipiga ramli una nusu."

"Sipigi ramli mimi."

"Basi bahatisha kwa jina la Mungu, mama, lakini usiache duara tupu. Ukikosea hawakati alama. Na ukiruka swali, ruka na duara lake, la sivyo utapanga majibu yote nyumba ya jirani. Halafu jibu lenye 'daima' au 'kamwe' litilie shaka. Mara nyingi ni mtego."

"Mungu ni mwema daima. Nalo nilitilie shaka?"

"Hilo haliji kwenye mtihani wa hospitali."

Wakacheka mpaka fundi akagonga ukuta. Binti alikuwa na mawili ya mwisho. La kwanza: usifute jibu ulilochagua kama huna sababu ya kufuta. La pili alilisema kwa sauti ya chini kidogo. "Mama, mtihani haukuulizi unachojua. Unakuuliza mtungaji anataka nini."

Hilo la pili Mama Ndoo hakulipenda, lakini alilikunja akaliweka.

Saa mbili na nusu asubuhi hiyo ya mtihani Chapchap alimvuta hadi stoo, katikati ya mafagio. Huyu alikuwa mwenzake wa zamu, mwepesi wa mikono na wa mdomo, aliyeacha shule darasa la tatu. Kusoma kwake kulikuwa kwa kuunganisha herufi kama anayepita kwenye matope.

"Majibu ninayo," alinong'ona. "Shemeji yangu yuko duka la fotokopi walikochapa. Herufi arobaini, ni wimbo tu. B, D, A, A, C. Nikuimbie?"

"Mungu naye yumo humu stoo."

"Basi amenisikia nikikukaribisha. Asije akasema mimi mchoyo."

"Chapchap, utajibu hata usichokijua?"

"Mama'ngu, hiyo karatasi nitaisoma saa ngapi? Ninajua kusafisha. Sijui kusoma. Wamechagua kuuliza ninachoshindwa, nami nimechagua kutoshindwa."

Mama Ndoo akamtanguliza nje. Akafunga mlango wa stoo.

Ukumbi wa mikutano ulikuwa na sakafu aliyoipiga deki mwenyewe jana. Walikaa ishirini na wawili, kiti kimoja kimoja, na kila mmoja alipewa karatasi ya maswali, karatasi ya majibu na penseli. Ofisa wa utumishi, kijana aliyenyoa vizuri, alitembea katikati yao. Viatu vyake vilimwaga mchanga, na wanawake watatu wakaufuata kwa macho.

Mama Ndoo aliziba majibu kwa kiganja. Alisoma, akajibu kichwani, akafunua. Swali la sita lilikuwa na jibu lenye 'kamwe', akalifukuza. La kumi na tatu lilikuwa juu ya mwaka ilipotungwa sera ya usafi. Hapo alibahatisha, akamwachia Mungu. La kumi na saba liliuliza maana ya neno ambalo hata daktari hajawahi kulitamka wodini. Kando yake Chapchap hakufungua kabisa karatasi ya maswali. Midomo yake ilicheza, penseli ikashuka mstari kwa mstari, na dakika kumi baadaye alikuwa amemaliza, anajipepea.

Kisha likaja la thelathini na moja. *Choo chenye uchafu sugu kisafishwe kwa: A, maji matupu. B, mchanganyiko wa dawa ya kung'arishia na dawa ya choo. C, dawa moja, suuza vizuri kwa maji, ndipo nyingine ikihitajika. D, mchanga.*

Hili hakuhitaji kiganja. Dawa ya kung'arishia wao waliiita Nyeupe, na ile ya choo, yenye asidi, waliiita Buluu. Miaka saba iliyopita msimamizi mpya, mwenye haraka zake, alimwambia mwenzao mmoja azichanganye ili amalize upesi. Mwenzao huyo walimwita Cheka, kwa sababu kicheko chake kilisikika mpaka getini. Mvuke wa sumu ulimwangusha, na Mama Ndoo ndiye aliyemvuta kutoka chooni kwa miguu, macho yanamtoka machozi, kifua kinapiga filimbi. Tangu siku ile Cheka hakucheka tena, alikohoa tu. Aliondoka kazini bila hata barua ya asante.

Na mtungaji alitaka B. Mama Ndoo alilijua hilo pia, kwa sababu kijitabu walichogawiwa kabla ya mtihani kilisema kuchanganya dawa huokoa muda. Aliliona jibu la mtungaji limesimama mlangoni, limevaa suti, linadai ni mwanae.

Alipaka C.

Kusahihisha kulikuwa kwa haraka kuliko kudeki ukumbi. Ofisa alikuwa na kadi ngumu yenye matundu arobaini. Aliiweka juu ya kila karatasi, akahesabu weusi ulioonekana matunduni, akaandika namba. Saa saba orodha ilikuwa ukutani. Chapchap, thelathini na tisa. Penseli ilimponyoka sehemu moja tu. Mama Ndoo, ishirini na saba.

Hakulia. Alikwenda stoo, akatia chupa mbili ndani ya ndoo, akagonga mlango wa ofisa.

"Swali la thelathini na moja, mwanangu. Nilijibu C."

Ofisa alitafuta karatasi yake, akaweka kadi juu. "Tundu liko kwenye B, mama. Majibu yametoka makao makuu."

Mama Ndoo aliweka Nyeupe mezani. Akaweka Buluu kando yake. Kisha akaweka ndoo tupu chini, karibu na viatu vile.

"Basi changanya. Mimi nitafunga dirisha."

"Mama, mimi siyo mtu wa usafi."

"Aliyetunga naye siyo. Soma hapo nyuma, maandishi mekundu."

Kijana alichukua Buluu, akaigeuza. Alisoma onyo la kutochanganya polepole, kama Chapchap. Akairudisha mezani kwa vidole viwili, akaisogeza mbali na mwenzake. Akaangalia kama mlango umefungwa.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Nikisema swali ni bovu, nirudishe karatasi zote ishirini na mbili, niandike ripoti, niulizwe kwa nini sikuliona mapema. Hilo siliwezi. Lakini nakuona wewe ni mtu wa kazi."

Akavuta droo. Akatoa kifutio kipya, bado kina vumbi lake la duka, akakiweka juu ya karatasi ya Mama Ndoo, na penseli kando.

"Futa C, paka B. Utakuwa na ishirini na nane. Sijaona kitu. Jumatatu unasaini mkataba."

Mama Ndoo alikitazama kifutio. Aliona sare ya binti yake kwenye kamba. Alimwona mtu atakayeajiriwa kesho, msichana pengine, amepewa kijitabu na chupa mbili na kuambiwa kuna haraka. Huyo akianguka, wataivuta karatasi hii kabatini waseme: hata yule wa miaka kumi na tisa alijibu hivyo hivyo.

"Binti yangu ananifundisha," alisema. "Amesema usifute jibu kama huna sababu ya kufuta."

"Sababu si hiyo? Kazi."

"Hiyo ni sababu yako, mwanangu. Ya C iko nyumbani kwake, inakohoa."

Akachukua penseli. Ofisa alishusha pumzi, akageuzia uso dirishani ili asione. Mama Ndoo aliinama, akayaziba maduara mengine kwa kiganja kama alivyofundishwa kuziba majibu, na juu ya lile duara la C akapaka tena, akakandamiza, akazungusha, mpaka weusi ukatokea upande wa pili wa karatasi. Akalaza penseli juu ya kifutio.

Chupa aliziacha pale pale mezani. Akainua ndoo yake, akaupita mchanga wa viatu vile uliokuwa sakafuni bila kuufagia, na akatoka.