Faharasa Ilipoifikia Drafti Yangu

Katika nyumba hii mimi ndiye bingwa wa drafti, na hata kompyuta naishinda kila jioni. Sawa, mchezo wenyewe aliutengeneza mjukuu wangu, na wengine humu ndani hawajui kete inasogezwa vipi. Lakini bingwa ni bingwa.

Asubuhi ile mjukuu hakutulia. Bosi wa kampuni aliyoomba kazi angempigia kwa video, naye aonyeshe kama kipande fulani cha zamani, kwenye programu ya kliniki ya meno, kinaweza kutolewa bila kuangusha vingine. Aliyekiandika alishaondoka, na waliobaki walikiogopa kama waya uliochubuka. Akiweza, anaajiriwa. Asipoweza, anarudi kuchambua maharage nami.

"Kwa hiyo utasoma yote hayo?"

"Sisomi mimi, Bibi. Nimeweka chombo kipya. Nakionyesha folda, kinapitia kila mstari, kinatengeneza faharasa. Halafu nikikitajia kipande, kinaniambia kiko wapi, kinaitwa kazini na vipande gani, na nikikitoa nini kitaanguka."

"Kumbe wifi yangu! Mtajie mtu yeyote, atakwambia kwao wapi, nani humtembelea, na akihama nani atalia."

Akacheka, akabonyeza. Alama ya kijani ikaanza kutambaa. Ikatambaa mpaka chai yangu ikaisha.

"Kliniki ndogo hivyo, mbona kinachelewa?"

Kabla hajajibu, bosi akatokea kwenye skrini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba." Nikasogea pembeni, ila si mbali kiasi cha kukosa maneno.

Mjukuu akamfungulia skrini yake aione, akaandika jina la kile kipande. Jibu papo hapo: kinaitwa na sehemu moja tu, ile inayowakumbusha wagonjwa siku zao za miadi.

"Tukiihamisha hiyo kwanza," akasema, sauti imemnyooka, "hiki kinatoka bila kelele."

"Ehee! Tumekiogopa bure kumbe! Sasa kiulize, kipande gani kinaitwa na wengi kuliko vyote?"

Akauliza. Bosi akasoma kwa sauti: "Mwachie Bibi Ashinde."

Mjukuu akashika kichwa. Badala ya folda ya kliniki, alikuwa amekionyesha chombo ile kubwa yenye kazi zake zote, drafti yangu ikiwamo.

Bosi akacheka mpaka akavua miwani. "Dada, kazi ni yako. Jumatatu njoo uwafundishe wenzako. Ila uwaonyeshe folda moja tu!"

Nilipiga kigelegele, mikono juu. Kisha nikaishusha taratibu.

"Mjukuu wangu. Si uliniambia mchezo hauna upendeleo?"

"Hauna, Bibi! Hicho nilikiandika zamani nikakiacha. Hakitumiki kabisa."

"Hebu tuone kinaitwa na nani," akasema bosi, na yule wifi wa kwenye kompyuta akajibu palepale, bosi akatusomea: "Bibi Akisogeza Kete. Bibi Akikaribia Kushindwa. Bibi Akinuna."