Kuku Aliyechorwa Mapema

Hadi wiki ile, kazi kubwa ya Ismaeli mjini Kamina ilikuwa ubao wa kinyozi karibu na stesheni. Alikuwa amechora vichwa vinne kwa mitindo minne, na mtaa mzima ukakubaliana kwamba vyote ni vya mtu mmoja aliyenyolewa vibaya mara nne. Sasa alitaka jina lake likae juu ya kitu kisichofutwa na mvua. Alitaka likae juu ya kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha dada yake Zaituni, mwalimu wa darasa la kwanza. Kilikuwa na kurasa kumi na mbili na maneno machache kila ukurasa, kwa watoto wanaoanza kusoma. Kuku wa mkuu wa stesheni amepotea. Anatafutwa kitungani, anatafutwa nyuma ya mlango, mwishoni anapatikana chini ya kitanda cha bibi. Juu ya jalada Zaituni aliandika "Maneno: Zaituni". Chini yake akaandika "Picha:", kisha nukta tupu.

"Yaya, pa jina yangu njo umeweka mavi ya inzi?" Ismaeli alimwuliza dada yake.

"Batoto basome kwanza. Bakishindwa, naenda kwa Manassé."

"Manassé? Ule anachoraka ata mbuzi na rula?"

"Mbuzi yake, muntu akiiona, anajua ni mbuzi. Weye, kinyozi angali anaulizwa vile vichwa ni ya nani."

Ijumaa asubuhi Ismaeli aliingia darasani, akakaa kwenye dawati la nyuma, magoti yakakaribia masikio. Wa kwanza kuitwa kusoma alikuwa Bijou, miaka sita, mapengo mawili, na sauti ya kuita abiria. Akashika kitabu, akaanza bila hata kupumua.

"Kuku iko wapi? Kuku iko nyuma ya kitunga, mukia yake inaonekana, na bibi iko na kitambaa ya mauamaua, anakasirika!"

Ismaeli alivimba kwa furaha. Bibi aliyemchora alikuwa amekasirika kwelikweli, na ule mkia aliuchora unyoya kwa unyoya. Lakini Zaituni hakucheka. Kwenye ukurasa ule aliandika maneno matatu, na Bijou alikuwa amesoma kama kumi na tano.

Zaituni akanyoosha mkono, akafunika picha, akaacha maneno peke yake. "Soma tena, mama."

Bijou akatazama maneno. Akatazama mkono. Akangoja kidogo, kwa adabu.

"Madame, toa mukono, nisome."

Waliofuata wakafanya vilevile. Picha ikiwa wazi, walisoma kama mvua. Ikifunikwa, kimya. Saa ya mapumziko Zaituni akakifunga kitabu.

"Picha yako ni nzuri sana, Ismaeli. Njo ubaya yake. Mutoto hana sababu ya kutazama maneno yangu. Saa sita naenda kwa Manassé."

Ismaeli akatoka nje. Akifadhaika hupiga porojo, basi watoto walipomzunguka akaanza. "Kulikuwa na papa mumoja, muzee muzima. Alinunua mbuzi kule Kabondo-Dianda, akaifunga nyuma ya kinga, ile baiskeli yake ya zamani. Munajua njia ya kule, mashimo tu. Akapanda, akashuka, akapanda, akashuka. Kufika huku Kamina, bantu wote bakashika vinywa, juu ya..."

"Juu mbuzi njo ilikuwa inaendesha kinga!" Bijou akamalizia. "Papa njo alikuwa amefungwa nyuma! Ulishatuambia jana."

Watoto wakaguna, wakatawanyika. Hakuna aliyecheka.

"Weye Bijou, kinywa yako haina mulango? Unasema mwisho mbele ya..."

Akabaki mdomo wazi katikati ya uwanja, kisha akakimbia kurudi darasani.

"Yaya, minyi njo Bijou," akasema, akijipiga kifua. "Nasema mwisho mbele yako. Maneno yako yakifika, kuku ilishaonekana. Nipe mpaka Jumatatu."

Zaituni akamtazama, mkoba wake tayari begani. Akaushusha. "Jumatatu asubuhi. Ikikataa, Manassé na rula yake. Na mwisho nitaandika ingine, ile ya zamani batoto balishaiona."

Jumamosi Ismaeli alikaa mezani dukani kwa baba yao, kati ya marobota ya vitenge, na wembe na gundi. Alimkata kuku kutoka kila ukurasa alimokuwa anachungulia. Iliuma. Mkia ule ulimchukua jioni mbili. Kitunga akakiacha kimefunikwa, mlango ukabaki umefungwa, na kuku akabaki mmoja tu, wa ukurasa wa mwisho, aliyechorwa upya kufuata mwisho mpya wa Zaituni.

Jumatatu Bijou aliletewa kitabu. Alianza kwa kasi yake ileile, akatafuta kuku kwenye picha, hakumwona. Akageuza kitabu, akakiinamisha kana kwamba kuku ataanguka. Hakuanguka. Basi akashusha kidole kwenye maneno.

Akaenda polepole, ukurasa kwa ukurasa, mpaka ule wa kumi na moja. Pale baba, mkuu wa stesheni mwenyewe, alikuwa anatembea kwenda kazini, vifungo vinang'aa, na ukingo wa karatasi umemkata shingoni. Kichwa hakikuonekana. Huko nyuma Ismaeli akainuka nusu kutoka kwenye dawati.

"Ku-ku... iko... mu... ko-fia... ya... baba." Bijou akakunja uso. Kidole kikasogea. "Na... ya-i... pia."

Kisha Bijou akacheka, akacheka mapengo yote nje, na ukurasa ulikuwa bado haujageuzwa.

Zaituni alichukua kalamu nyekundu, akakilaza kitabu mezani, jalada juu, akaandika juu ya zile nukta. Bijou, kwa vile kidole kilishapata moto, akakileta na hapo.

"I-sma-e-li. Njo nani?"

"Ni minyi," alisema Ismaeli.

Bijou akamtazama, akalitazama jalada lisilo na sura ya Ismaeli, kisha akaligeuza upesi kumtafuta upande wa pili.