Dakika Arobaini za Agapiti

Mjukuu wangu Noela alisimamishwa kazi Jumatatu. Ghala la mbegu za mpunga hapa Ifakara lilipungukiwa mifuko miwili, na mlango wa ghala, ule unaofunguka kwa kidole, ukaandika kwamba Noela aliufungua Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni. Daftari la mlinzi linasema alitoka getini saa kumi na mbili kamili. Basi meneja, Agapiti, akasema alirudi kwa nyuma akaiba.

Nikamwambia Noela, twende tukakae palepale. Mwenye uongo huchoka kukaliwa.

Jumanne akaja fundi Seifu kutoka Morogoro. Agapiti ndiye aliyemwita, atoe ushahidi kwenye mashine. Nikajua, huyu ni mtu wao. Akafungua kabati, ndani mna kisanduku cheusi cha taa za kijani, wanakiita swichi. Nyaya zote za ofisi hukutana humo, pamoja na waya wa ule mlango. Akawa anaandika kwenye kompyuta yake, na mara anaziba kwa kiganja. Nikasogea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Unaficha nini?"

"Nywila, bibi."

"Mwenye haki haandiki kwa kuziba."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akatazama simu yake, akatazama kioo cha kompyuta, akatazama simu tena.

"Simu yangu inasema saa nne kamili. Swichi inasema saa nne na dakika arobaini."

Agapiti akatoka ofisini. "Hayo hayahusu! Nimekuita utoe karatasi."

"Bosi, swichi huuliza saa kwa mwingine, na mlango huifuata swichi. Hii inauliza kompyuta ya mezani kwako."

Ghala zima linajua. Agapiti aliachwa na basi la Mang'ula mara mbili, akaipeleka saa ya kompyuta yake mbele ili awahi. Hata mimi saa yangu ya ukutani iko mbele kwa ajili ya misa. Ila yangu haimfukuzi mtu kazi.

Noela akahesabu kwa vidole. "Basi nilifungua saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Nilikuwa narudisha mizani, sijatoka bado!"

Agapiti akainama kuchungulia kompyuta ya fundi.

"Mbona swichi inaamini yeyote?" nikamuuliza fundi. "Kwetu Mofu mtu akibisha hodi tunauliza, nani wewe?"

"Ndicho ninachofanya, bibi. Naielekeza kwenye seva moja, mashine ya kutoa saa sahihi, na pande zote mbili naziwekea siri moja. Saa isiyoijua siri hiyo, swichi haiisikilizi."

"Siri anaijua nani?"

"Mimi."

"Na ukifa?"

"Bibi jamani! Itaandikwa, ifungwe kwenye bahasha."

"Bahasha atakaa nayo nani?"

Wote tukamtazama Agapiti. Akajikuna shingo.

Seifu alipomaliza, swichi na simu zikasema saa ileile. Agapiti akasema, "Haya, Noela aje kesho. Yameisha."

"Hayajaisha, baba. Barua ya kumsimamisha ilikuwa na muhuri."

Nikakaa kwenye benchi. Akaenda kula, akarudi, nipo. Akaingia ofisini, akatoka, nipo. Saa tisa akaandika barua ya kumrudisha kazini. Noela alinisomea mara mbili, nami muhuri nikaugusa kwa kidole, wino haujakauka.

Bahasha anayo mlinzi. Mifuko miwili haijaonekana mpaka leo. Noela anafanya kazi yake, nami asubuhi hupita pale getini nikawasalimu wote, mmoja mmoja, nikaangalia nani anaitikia huku ametazama chini.