Samansi ya Sajini Jovin

Sajini Jovin alinirudishia samansi ya mahakama mbele ya wageni wote wa kipaimara cha binti yake kule Masama, tena kwa tabasamu.

"Dada Eliona, karibu chakula. Ila mimi ni askari magereza. Karatasi yangu hupitia kwa mkuu wa gereza. Hukufundishwa?"

Nilifundishwa, jamani! Miaka sita nasambaza nyaraka za mahakama hapa Moshi, kanuni hiyo naijua vizuri. Nilikimbilia njia ya mkato kwa kumhurumia Justina, dada yake Jovin. Kesi aliyomfungulia kaka yake ilikuwa isikilizwe Ijumaa iliyofuata, na ilishaahirishwa mara mbili kwa kukosa uthibitisho kwamba mdaiwa ameitwa. Wakati huo Jovin anavuna ndizi kwenye migomba ambayo mama yao alimwachia Justina, naye Justina anachungulia akiwa nje ya ua. Nilikula ndafu ya watu, mbuzi mzima wa kuchoma, kwa aibu, lakini nilikula.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa ofisini kwa mkuu wa gereza, Afande Sirili, mzee mwenye sura ngumu. Nilimwamkia shikamoo, nikamkabidhi nakala mbili. Alizisoma taratibu, akaagiza Jovin aitwe, kisha akasoma tena, safari hii kwa sauti.

"'Amemzuia dada yake wa tumbo moja kuingia kihambani, shamba aliloachiwa na mama yao.' Ndiyo wewe huyu, Sajini?"

Jovin alisimama wima, jasho likimtiririka. "Ndiyo, afande."

"Weka sahihi."

Hakugombezwa hata kidogo. Alitia sahihi bila kuinua macho, na hasira yangu yote ikaniishia pale pale. Mimi niliyekuja kumkomoa, nikamwonea huruma!

Alhamisi Justina alinipigia simu. "Njoo mbio, uwe shahidi!"

Nilimkuta Jovin mlangoni kwa dada yake, bila sare, ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Kwetu Uchagani, ukiombwa msamaha kwa isale hukatai. Justina alilipokea, akamkumbatia kaka yake, wakalia. Nami nikalia, nani aliniuliza? Furaha ilinizidi.

"Basi kesi imekwisha," Jovin alisema, akijifuta macho.

"Kukusamehe nimekusamehe, kaka," Justina akamjibu, jani bado kifuani. "Kesho tunakwenda wote mahakamani, hakimu aandike kwamba migomba ni yangu."

Jovin akaangua kicheko.

"Saa ngapi?"