Injini Iliyoamka Kabla Yetu

Dada yangu hata hakunikaribisha kiti. Alinivuta mpaka jikoni, akausukuma mlango kwa kisigino, akasema, "Kaka, leo unakwenda kuangalia boti. Basi umwangalie na mnunuzi."

"Mumeo kafanya nini?"

"Wiki ya tatu hii, kila Alhamisi anachelewa. Akirudi kashaoga. Nikimuuliza kaoga wapi, eti kwa rafiki. Mtu mzima na nyumba yake, anakwenda kuoga kwa rafiki?"

"Labda rafiki ana sabuni nzuri."

Hakucheka. Akaendelea kusugua sufuria ambayo ilishatakata zamani. "Hayo nitayamaliza mwenyewe. Wewe niangalizie injini. Ni moja tu, kaka, hamna ya akiba. Wanazima wakitega nyavu, inapoa, bahari inachafuka, halafu ndo wanaanza kuibembeleza iwake. Jirani yangu hapo unamjua."

Namjua. Mumewe alikuwa karibu na miamba mchana kweupe, watu wanamwona kutoka ufukweni, anapiga stata mpaka betri ikakata roho. Boti ilipatikana vipande vipande. Yeye hakupatikana.

Mimi ni fundi wa majokofu kwenye ghala la samaki. Nina stashahada ya mitambo, nimeitundika juu ya televisheni ili wageni wasiikose. Kwa sababu hiyo, chochote kikiharibika kwenye ukoo naitwa mimi, kuanzia cherehani mpaka meno ya bandia ya shangazi.

Shemeji tunamwita Nahodha. Kaendesha boti za watu miaka kumi na minane, lakini yeye mwenyewe hajawahi kumiliki hata kasia. Njiani alikuwa kimya. Huyu ni mtu anayeongea mpaka usingizini, dada kanilalamikia mara nyingi. Nikakunja kidole cha kwanza cha kuhesabu mashaka.

"Hiyo boti umeshaiona?" nikamuuliza.

"Kwenye simu tu. Picha."

Karakana ilikuwa banda refu la mabati, sakafu ya saruji imeteremka mpaka majini. Muuzaji alikuwa mzee mwembamba aliyevaa kofia ya sufu kwenye joto lile, basi moyoni nikamwita Mzee Kofia. Alitusalimia vizuri, akanipa mkono, lakini macho yake yalikwenda kwa shemeji, yakarudi, yakaenda tena. Kidole cha pili.

Boti nayo, sina budi kusema ukweli, ilikuwa nzuri. Mita nane, ya faiba, pua imeinuka na tumbo la mbele limechongoka. Bahari yetu ina mawimbi mafupi, ya karibu karibu. Boti yenye tumbo bapa huko inapigwa makofi mpaka uti wa mgongo wa nahodha unaomba talaka. Hii ingeyakata. Kingo zake ndefu, matundu ya kutoa maji mapana, injini imekaa chini katikati, uzito pale unapotakiwa. Mbele ilikuwa imefunikwa turubai.

"Turubai la nini, mzee?"

"Jua, mwanangu."

Nikatazama juu. Tulikuwa chini ya paa. Cha tatu hicho.

Nikapanda. Nina tabia moja: kabla mtu hajaniambia habari za mashine, naigusa. Niliinama kuingia kwenye kibanda cha usukani, nikajigonga paji la uso kwenye chuma cha mlango, nikaona nyota za mchana. Nilipopata akili nikafunua kifuniko, nikaweka kiganja kwenye injini.

Ilikuwa na joto la mtu mwenye homa.

"Mzee, hii imewashwa leo?"

"Kidogo tu. Nilikuwa... nachaji betri." Akamtazama shemeji.

"Hebu iwashe."

Akabonyeza mara moja, ikashika, ikatulia inanguruma taratibu. Shemeji akatabasamu mpaka magego. "Umeisikia, shemeji? Twende tukamalize."

"Nimeisikia ikitoka mazoezini. Nataka kuiona ikitoka kitandani. Izimeni, tusubiri ipoe."

"Itapoa saa ngapi?"

"Jioni jioni hivi. Nimekuja na gazeti."

Mzee Kofia alishusha pumzi. Wakati ule nilidhani ni ya mtu aliyebanwa. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, gazeti mbele ya uso, jicho moja limechungulia pembeni. Nilikuwa nimeshamhukumu yule mzee. Nilichokuwa natafuta ni ushahidi tu.

Saa sita hivi shemeji alisema anakwenda kuangalia kitu kwenye kibanda. Akapanda. Kwenye kile chuma kilichonitoa nundu aliinamisha kichwa bila hata kukitazama, akapeleka mkono nyuma ya mlango, taa ikawaka. Swichi ile mimi sikuwa nimeiona.

Nikashusha gazeti. Picha ya kwenye simu haimfundishi mtu kuinama.

Nikaenda nyuma ya banda, eti kunawa. Palikuwa na bomba, kipande cha sabuni, na kwenye msumari limetundikwa taulo la kijani lenye kona iliyoungua. Taulo hilo nalijua. Pasi iliyoliunguza niliitengeneza mimi.

Basi nikarudi moja kwa moja mpaka kwenye turubai, nikainua pembe. Kwa rangi nyeupe, herufi zinapanda mlima na kushuka, mtu alikuwa ameandika KIDOTI. Ni jina la utani la dada yangu tangu utotoni. Boti haijanunuliwa, na jina limeshakauka.

Nilirudi kwenye ndoo yangu nikasoma matangazo ya vifo mpaka saa kumi, kisha nikapanda tena na kugusa injini. Baridi kama sakafu.

"Haya mzee. Sasa."

Akabonyeza. Ikagugumia, ikatoa moshi mweupe, ikakata. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu stata ilishaanza kuchoka. Moshi ulijaa bandani, sote watatu tukakohoa, na hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Mzee Kofia akavua kofia. "Mwanangu, mimi sikuficha kitu. Siku ya kwanza nilimwambia mwenzako nozeli za kupulizia mafuta zimechoka, ikiwa baridi haishiki. Yeye ndo kaniomba niiwashe kabla hamjafika. Akasema shemeji yake ana masikio ya paka."

Nikamgeukia Nahodha. Alikuwa anakwangua tone la rangi kwenye kidole gumba.

"Huwa inashika," akasema. "Mara ya tano, ya sita."

"Mume wa jirani yenu alipiga mara ngapi?"

Akakifuta kidole kwenye suruali. "Miaka kumi na minane nashika usukani wa watu, shemeji. Nilipoiona hii nikaona yangu. Nikajua ukisikia ile stata utamwambia mke wangu hapana, na yeye akisema hapana ndo basi."

"Ningesema hapana kwa nozeli, bwana. Boti ningeisifu mimi mwenyewe. Umeoga na sabuni ya watu wiki tatu kuficha kitu cha kufunguliwa kwa spana."

Mzee Kofia, niliyemkunjia vidole viwili bure, ndiye aliyesema zitengenezwe kwanza, biashara baadaye. Nikamwomba radhi kwa mambo ambayo hakujua nimeyawaza. Akaitikia tu, akavaa kofia yake.

Nyumbani dada alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Huyo wa Alhamisi ni nani?"

"Yupo," nikasema. "Ana urefu wa mita nane."

Shemeji akamkabidhi taulo, akaeleza yote mwenyewe, mpaka ile habari ya kupasha injini. Dada alimsikiliza bila kumkatiza. Hiyo ilinitia hofu kuliko angepiga kelele.

Nozeli zilibadilishwa. Sote tulingoja dada atuambie siku ya kwenda kuangalia. Hakutuambia. Asubuhi moja Mzee Kofia alinipigia simu: mama mmoja kaja peke yake, kagonga bati kabla mzee hajafungua banda, kaomba aoneshwe ilipo injini. Kaweka kiganja, kakiacha pale, kanusa bomba la moshi. Halafu kaomba ufunguo, kabonyeza mwenyewe.

"Ikashika?"

"Mara moja tu."

"Kasemaje?"

"Kaizima. Kaniambia nisiiguse, ilale baridi, kesho anarudi."