Kabureta ya Midomo Miwili

Gari lisilotoka uwanjani kwa nguvu ya injini yake kabla ya adhuhuri ni takataka, litapondwa. Ndivyo kilivyotangaza kipaza sauti cha wakubwa wa mji, na aliyekishika hakuona haya hata kidogo. Kusukuma hakuhesabiwi. Kuvuta kwa kamba hakuhesabiwi. Mafundi wa magari wa uwanja ule walisikiliza wamekunja mikono, maana hawakuwa wageni wa maneno hayo. Walikokuwa mwanzo walifukuzwa kwa ajili ya soko, na soko halikujengwa. Wakahamia kwingine, wakafukuzwa kwa ajili ya bustani, na bustani yenyewe mpaka leo ni ukuta unaolinda nyasi.

Tupa, fundi mwanamke aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuachana na tupa yake ya kusugulia vyuma, alikuwa na gari moja la kuokoa: pikapu kuukuu ya marehemu kaka yake. Kaka aliiunda injini yake palepale mtaani, tumbo la gari hili, kichwa cha gari lile, ikanguruma miaka na miaka. Sasa ilikuwa mali ya mjane wake, aliyekuwa akisombea watu mchanga na matofali, watoto wakala. Na kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilikuwa imepasuka ubavu.

"Wifi, usinifiche," mjane alisema. "Itatoka?"

"Ikipata pua ya kupumulia, itatoka."

Walikwenda kwa Kipara, muuza vyuma chakavu wa kona ya uwanja. Zilikuwapo kabureta mbili tu za kufikiria. Moja ndogo, ya mdomo mmoja, kadiri ya injini ile hasa. Nyingine kubwa, ya midomo miwili, iliyong'olewa kwenye gari la mtu mzito. Tupa alishika mhimili wa kile kibati kinachofungua na kufunga mdomo wa ile ndogo, akautikisa. Ukacheza kama jino bovu. Kabureta ya namna hiyo huvuta hewa ya wizi, na injini haitulii. Mihimili ya ile kubwa ilikuwa imekaza. Akachomoa boya lake, kile kidude kinachoelea ndani ya petroli, akalitikisa sikioni. Kimya. Halijaingiwa na petroli.

"Unalisikiliza kama mganga," Kipara alisema. "Limekuambia nini?"

"Limeniambia wewe ni mwongo, ila leo umejisahau."

Mjane hakucheka. "Tuchukue kubwa. Mume wangu hakuwa mtu wa kuendesha kinyonge."

"Injini ya kaka ni ndogo, wifi. Mtoto ukimlisha kwa upawa, atapaliwa."

"Basi tufanyeje?"

"Tuchukue hiyohiyo kubwa, lakini mdomo mmoja tuufunge."

Akaanza kazi. Alikata bamba la aluminiamu, akalitoboa tundu na kulisugua mpaka midomo miwili ikakalia tundu moja la injini bila kuacha upenyo. Gasketi, ile karatasi ya kuziba maungio, akaikata kwenye boksi la viatu. Jeti, kile kijitundu cha kupimia petroli, ilikuwa pana mno. Akaiziba kwa risasi aliyoyeyusha, akaitoboa upya kwa ncha ya sindano, akaipuliza, akaitoboa tena kidogo. Mwisho akaondoa kijiti kinachoamrisha mdomo wa pili ufunguke, akafunga kibati chake kwa waya. Injini ikawaka. Ikanung'unika taratibu, sauti ya mtu anayeongea amejifunika shuka.

"Hiyo ndiyo sauti ya mume wangu?" mjane aliuliza.

"Hiyo ndiyo sauti ya kutoka hapa."

Tupa akaenda kunawa mikono.

Kutoka uwanjani kulikuwa na mlima mfupi mpaka langoni. Wa kipaza sauti alisimama juu yake, na nyuma yake tingatinga. Mjane akashika usukani, Tupa akatembea ubavuni. Pikapu ikapanda vizuri hadi katikati. Hapo mjane akakanyaga mafuta kwa nguvu, injini ikabweka mara moja, ikameza hewa, ikakohoa, ikazima.

"Haitembei hiyo!" kipaza sauti kikalia. "Wekeni pembeni!"

Tupa alifunua boneti. Waya haukuwapo. Kijiti kilikuwa kimerudi mahali pake.

"Nani kagusa hapa?"

Mjane alitazama mbele. "Mimi. Nilimwona marehemu akivifunga vitu hivyo, nikajua. Nilitaka watusikie, wifi. Kila tukifukuzwa tunaondoka kama paka aliyeiba."

Tupa alitaka kumtukana, na tusi lilikuwa tayari mdomoni. Lakini tingatinga lilishaanza kusogea. Akang'oa kijiti kwa vidole. Koleo ilikuwa kule chini, na waya pia. Akapanda juu ya bampa, akaingiza mkono ndani, akakibana kibati cha mdomo wa pili kwa dole gumba.

"Washa!"

"Mkono wako utaungua!"

"Washa, wee mwanamke!"

Ikawaka. Kiwiko cha Tupa kilikuwa juu ya bomba la moshi, na hapakuwa na mahali pengine pa kukiweka. Alisikia ngozi ikishika chuma. Pikapu ikasogea, ikasogea, na mafundi wakawa wanatembea nayo mikono nyuma, asije mtu akasema wamesukuma. Wa kipaza sauti akasogea pembeni. Pikapu ikalipita lango.

Ng'ambo ya barabara mjane alisimama, akashuka mbio, akapitisha dole gumba lake chini ya la wifi yake ili yeye ashike kile kibati. Tupa akautoa mkono. Ngozi ya kiwiko ilibaki kwenye bomba.

Nyuma yao chuma kilianza kulia. Gari la kwanza kupondwa na tingatinga lilikuwa teksi ya Kipara, isiyokuwa na injini tangu zamani. Kipara alisimama kando, kofia mkononi.

"Twende wapi sasa?" mjane aliuliza.

Tupa alitazama barabara huku, akaitazama kule.

"Sijui," alisema. "Usiachie tu."