Mkalimani Mwenye Haya

Silima hakushindwa na Kiingereza. Hilo liwekwe wazi mapema, maana mjini watu walikwisha kumtia midomoni, wakisema hamali wa kutoka Makunduchi anatafuta kazi isiyo saizi yake. Kiingereza alikijua. Kilichomponza ni adabu.

Mwaka ule wa 1908, nyumba moja ya biashara ya Waingereza wanunuzi wa karafuu, pale Malindi ya mjini Unguja, ilitaka mkalimani. Silima alikuwa amewabebea magunia mpaka mgongo umeanza kumgomea. Akiikosa kazi ile angerudi kwenye magunia, na mwenyewe alijua mgongo hautavuka msimu mwingine. Akajaribiwa. Bwana mkubwa, kwa hasira, akamtaka amwambie muuzaji kuwa karafuu zake ni mbichi na yeye ni laghai. Silima akamgeukia yule mzee, akainamisha macho, akasema, "Bwana anakusalimu sana. Anasema karafuu nzuri, labda jua tu halikutosha." Mzee akaondoka na furaha yake, na kesho yake akarudi na shehena nyingine, mbichi vilevile. Mzungu alikaribia kupasuka. Akampa Silima nafasi moja ya mwisho, mwisho wa mwezi.

Mwalimu wake, Mkadam, aliyekiokota Kiingereza kwa kupika katika meli za moshi, alishika kichwa. Maneno yote alikwisha kumfundisha. Lakini utamfundishaje mtu mzima, aliyelelewa akaleleka, kumwambia mzee wa watu kuwa ni laghai?

Jibu lilitoka nyuma ya pazia, kwa Bi Hamda, mkewe Mwalimu, mwanamke ambaye ulimi wake ulijulikana mpaka Ng'ambo. Alisema ana maneno ya kumwambia mumewe yaliyomkaa kifuani siku nyingi, na kwa kuwa kwa Kiswahili hayamwingii, huenda kwa Kiingereza yakamwingia. Silima ayapeleke.

Basi kila alasiri ikawa hivyo. Bi Hamda akisema kwa Kiswahili, Silima akipeleka kwa Kiingereza. Mwalimu akijibu kwa Kiingereza, Silima akirudisha kwa Kiswahili. Siku ya kwanza bibi alisema mumewe ni mvivu na paa linavuja juu ya kitanda. Silima akapeleka kuwa Bibi anaomba, Mwalimu akipata nafasi, alitazame paa. Mwalimu akapiga mkeka kwa kiganja: mkewe hajamwomba kitu tangu siku ya harusi, hayo si maneno yake. Rudia. Silima akatokwa na jasho, akarudia. Ilipofika zamu ya Mwalimu kusema kuwa mchuzi wa jana ulikuwa chumvi tupu, Silima, maskini, alitazama mlango kwanza. Lakini aliyapeleka, na Bi Hamda hakumla. Alicheka, kisha akajibu jambo ambalo hapa halisemeki. Ulipofika mwisho wa mwezi paa lilikuwa limezibwa, na Silima aliweza kulipeleka neno mvivu bila ya kumeza mate.

Siku ya mtihani, muuzaji aliyeingia alimkata maini. Alikuwa Sheikh Salem bin Himid wa Chukwani, mzee ambaye Silima akimpisha njiani tangu utotoni. Mzungu alifungua gunia, akanusa, akagonga meza. Akasema huyu aambiwe kuwa ni mwizi.

Silima aliyasikia maneno matamu yote yakimjia mdomoni, yale ya salamu na yale ya labda. Akayarudisha yalikotoka.

"Shikamoo, Sheikh," alisema, akamtazama usoni. "Miye hapa mdomo tu, maneno si yangu. Bwana anasema wewe mwizi."

Sheikh Salem akamsogelea Silima.

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee. "Siku zote nnakuja hapa, nnaondoka sijui nimeambiwa nini. Sasa na yangu mpelekee vilevile. Mwambie kafungua gunia la juu, lililoroa mvua njiani. Ya chini hakuyagusa. Na mtu asiyetazama magunia akamwita mwenziwe mwizi, huyo mjinga."

Silima akageuka, akayapeleka yote, na lile la mwisho akalisema wazi kuliko mengine. Mzungu akawa mwekundu, na karani wake akainamia karatasi zake. Halafu bwana mkubwa akainuka mwenyewe, akafungua gunia la chini, akaivunja karafuu baina ya vidole. Ilikuwa kavu. Akafungua jingine, na jingine. Kisha akasema maneno machache, safari hii polepole.

"Bwana anasema umsamehe, Sheikh," alisema Silima. "Anazinunua zote. Na anasema..."

Hapo akasita, na safari hii haikuwa kwa haya. Sheikh Salem akamwambia aseme, asimfiche.

"Anasema kuanzia leo mkalimani wake ni mimi."